Dawa ya Mashine Imefika Wapi?

Benchi letu liko Mumbuni, nje ya kinyozi ya Festus, na mwenye kahawa ni mimi, Kavutha, Mama Mutheu. Nasema mapema nisije nikaulizwa: kahawa ni yangu, maneno si yangu. Benchi lenyewe ni ubao juu ya mawe mawili, na kila asubuhi linakaliwa na matako yale yale. Kuna Mulwa, tunamwita Daktari kwa sababu anauza dawa za ng'ombe pale agroveti. Kuna Muiruri, mtu wa Murang'a aliyekuja na nyanya zake akasahau kurudi. Huyo tunamwita Gugo, maana simu haimtoki mkononi na hakuna swali asilokuwa na jibu lake. Halafu Festus mwenyewe, tunamwita Mashine, kwa vile kichwa akikinyoa kinatoka laini kama kimepigwa pasi. Festus anadungwa sindano kila mwezi kule kliniki ya akili, na hilo si siri hapa. Mwaka juzi aliugua mpaka mkewe Ndanu akabeba mtoto wao Mumo akaenda kwao Kithyoko, na hakurudi ila baada ya Festus kukubali sindano. Sasa wiki iliyopita siku ya sindano ilifika, Festus hakuenda. Ijumaa hii amekaa kwa benchi, ameweka kikombe cha kahawa juu ya kiganja, mkono ameunyoosha mbele yetu.

Festus: Angalieni vizuri. Inatetemeka?

Mulwa: Haitetemeki.

Festus: Mwezi jana nilimkata mzee wa kanisa sikio kwa sababu ya hii mikono. Nimeruka sindano moja tu, imetulia. Nimepona! Sidungwi tena, na mtu asinifuate na maneno.

Muiruri: Lakini dawa si bado iko ndani?

Mulwa: Wapi! Iliisha kitambo. Ng'ombe ukimdunga, maziwa yake hunywi siku tatu. Ya nne unakamua, unapeleka sokoni, hakuna mtu anakufa. Na ng'ombe ni mkubwa kuliko Festus.

Muiruri: Kwani Festus anakamuliwa?

Mulwa: Si anakojoa?

Muiruri: Daktari, wewe rudi kwa kupe zako. Hapa wameandika hii dawa iko na hafu laifu.

Mimi: Na hiyo ni nini?

Muiruri: Nusu maisha.

Festus: Ati inakaa nusu ya maisha yangu?

Mulwa: Mwaitu! Na mlimwacha adungwe!

Muiruri: Si maisha yako, ni ya dawa. Dawa ndiyo iko na maisha. Inaisha nusu, halafu inabaki nusu.

Mulwa: Nusu na nusu ni moja. Si basi ikiisha hiyo ya pili imekufa? Ndiyo nilikuwa nasema.

Muiruri: Ngoja, ngoja. Wanasema hiyo iliyobaki nayo inaisha nusu. Halafu ile inabaki tena inaisha nusu.

Mulwa: Basi haiishi milele!

Muiruri: Haba na haba hujaza kibaba.

Mimi: Hiyo ni ya kujaza, Muiruri. Sisi tunaongea kuisha.

Muiruri: Geuza kibaba, Mama Mutheu. Ni kile kile.

Nikawaongezea kahawa, maana mtu akinywa ananyamaza kidogo. Hawakunyamaza.

Mulwa: Mashine, sindano walikudunga wapi?

Festus: Si hapa nimekalia.

Mulwa: Ndiyo hiyo! Dawa za namna hiyo ni za mafuta, hazikimbii. Inakaa kwa tako kama donge la mafuta ya Kimbo, inayeyuka polepole. Sasa wewe unakalia benchi kutoka asubuhi mpaka jua la utosi. Umeikandamiza! Imetoka yote mara moja!

Festus akainua upande mmoja, akakaa na ule mwingine.

Muiruri: Ikikandamizwa haitoki, inashuka. Saa hii iko kwa magoti. Damu nzito kuliko maji, unajua.

Mimi: Sasa damu na magoti wapi na wapi?

Muiruri: Nzito inashuka. Na dawa hutoka na jasho tu. Kule kwetu kulikuwa na jamaa alidungwa hiyo hiyo, akaenda kupasua mawe. Jasho lilimtoka, shati ikawa ngumu, ikasimama yenyewe kama mlango. Mbwa akailamba. Mbwa akalala siku mbili!

Mulwa: Na akaamka?

Muiruri: Aliamka mpole. Hata mwizi alikuwa anamsalimia.

Tulicheka, na mimi nilicheka, sisemi uongo. Festus ndiye hakucheka. Aliweka kikombe chini, akapangusa mikono kwa aproni yake.

Festus: Sasa nisikizeni. Kama dawa imeisha na mimi niko sawa hivi, si nimepona? Na kama haijaisha, iko ndani bado, ya nini kuongeza ingine? Pigeni hesabu mnavyotaka. Jibu ni moja, siendi.

Mulwa: Hapo umeongea kama wakili.

Muiruri: Hapo hata simu haina la kusema.

Mimi hapo nikapandwa na hasira, kwa sababu hao wawili walibishana tangu asubuhi kama paka na panya, na sasa wameungana kumpeleka mtu shimoni.

Mimi: Baba Mumo, Ndanu anajua hukwenda?

Festus: Ndanu anaona nimetulia. Mama Mutheu, wewe unafikiri napenda ile sindano? Nalala kama gunia. Uji nikishika unamwagikia mtoto. Nataka Ndanu akae na mume, si na mgonjwa. Hiyo ni makosa?

Haikuwa makosa, na ndiyo maana iliniuma. Nikaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Ndipo akaja Mumbua. Huyo ni mgeni hapa, amekodisha kile kibanda kando ya kinyozi anataka kuuza mitumba, na alikuwa anatafuta tu kahawa.

Mulwa: Karibu, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mashine, sogea.

Akakaa. Wakamweleza yote kwa pamoja, ng'ombe, nusu maisha, tako, magoti, mbwa. Festus mwenyewe akamalizia na ile hesabu yake ya wakili. Mumbua alisikiza mpaka mwisho, akapuliza kahawa, akauliza kama mtu anauliza bei ya sukari.

Mumbua: Sasa hiyo siku dawa itaisha kabisa, nani atajua wa kwanza?

Mulwa: Swali gani hilo? Si Festus? Mwili ni wake.

Festus akafungua mdomo. Halafu akageuka akatazama ndani ya kinyozi, na sisi tukatazama alikotazama. Kile kioo kikubwa mpaka leo kina alama za gundi kwenye pembe. Mwaka juzi alikifunika chote na magazeti. Alisema kuna watu ndani wanamwibia wateja. Lakini hilo la watu alimwambia Ndanu peke yake, sisi tulilijua baadaye. Sisi hapa nje alituambia hajawahi kujisikia vizuri maishani kama siku zile, na alikuwa anacheka, anaamka mapema, ananunulia benchi zima kahawa. Muiruri alidhani anataka kupaka rangi, akamshauri aweke ya kijani. Mulwa, kwa roho safi kabisa, alimletea magazeti mengine kutoka agroveti.

Gugo alikuwa ameshika simu na hakuandika kitu.

Mumbua: Kwani nimeuliza vibaya?

Festus: Hapana, mama. Umeuliza vizuri. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua.

Akasimama. Akavua aproni, akaikunja, akaiweka kwa kiti cha wateja.

Festus: Wanafunga saa ngapi kule?

Mimi: Saa saba. Utawahi.

Muiruri: Lakini mikono yako je?

Festus: Na hiyo ndiyo naenda nayo! Siingii nikinyamaza kama mwezi ule mwingine. Nitaiweka juu ya meza ya sista, nimwambie juu ya sikio la mzee, na uji, na kulala. Apunguze, abadilishe, aite mkubwa wake, mimi sijui. Sitoki hapo mpaka nijibiwe.

Mulwa: Nikusindikize?

Festus: Wewe kaa hapa kwa kinyozi. Mteja akija mwambie narudi.

Alipiga hatua kidogo, akarudi. Akasimama mbele ya Mulwa karibu sana, na Mulwa akaacha kutafuna mandazi.

Festus: Daktari. Siku ukiniona nafunika kioo, usiniletee gazeti.

Mulwa: Sileti.

Festus: Unafanya nini?

Mulwa: Nampigia Ndanu.

Festus: Hata nikikwambia niko sawa?

Mulwa: Ukiniambia uko sawa sana, ndiyo nampigia haraka.

Festus akatikisa kichwa, akashika njia ya mjini, na hakuangalia nyuma. Mulwa akaingia ndani ya kinyozi, akatoa kitambaa mfukoni, akaanza kusugua ile gundi kwenye pembe za kioo. Haikuwa inatoka. Akatema mate, akaendelea kusugua.

Muiruri akanipa kikombe chake. Nikainamisha birika, likatoa matone mawili na vipande vya tangawizi.

Muiruri: Imeisha?

Mimi: Imeisha.

Muiruri: Na hii hapa imefunikwa na sahani?

Mimi: Toa mkono. Hiyo iko na mwenyewe, amesema anarudi.