Historia ya Kaka Yetu Fundi Bodi na Kigari Chake cha Chuma Kitupu

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma, kila mtu aape kwamba haya hayavuki lango, hata wewe jirani hapo mlangoni, mdomo wako naujua, maana umbea tumefundishana.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe kumi na mbili Machi 1959, kichwa kikubwa mpaka mkunga akacheka, akasoma hadi darasa la saba, zaidi hapana, madaftari yote yalijaa michoro ya magari. Mwaka 1976 akaingia gereji ya nyuma ya kiwanda cha mbao, akawa fundi wa kunyoosha bodi, gari limekunjamana kama kopo lililokanyagwa, yeye analirudisha. Juni 1984 akamuoa wifi yetu, mshona mapazia, wakajaliwa mabinti wawili, hao hapo mbele.

Alipostaafu, akaanza kuunda vigari vya plastiki vya kukaa kiganjani, na hapo ndipo wote tulipopotea. Alitaka kimoja kionekane chuma kitupu, bodi iliyotoka kwenye msasa haijaona rangi, sasa jamani, mtu aliyeishi kwa kuficha chuma chini ya rangi, leo anaficha plastiki chini ya chuma? Akajaribu kukivika foili ya jikoni, ikawa inaisha kimyakimya, wifi akadhani kuna mwanamke anapelekewa keki! Siku moja akakipaka weusi unaong'aa, wifi akasifu, kesho yake kaufunika weusi wote kwa rangi ya fedha, eti, mama watoto, bila weusi chini, chuma haking'ai, ila usikiguse, bado sijapiga vanishi ya kukinga rangi.

Wifi akaona vumbi, akafuta, alama ya dole gumba ikabaki kwenye boneti. Kaka akatazama, akasema basi, akakifunika na bakuli. Vingine vikiharibika alivikwangua akaanza upya, hiki hakukikwangua, kisha figo zikamlaza, tarehe tatu Agosti akatutoka, na wifi tangu hapo halali, anajua mumewe kaenda na kinyongo.

Wifi yangu, sikia. Kabla ya kulazwa alimwita mwenzake wa gereji, yule mpaka rangi, aje na vanishi, mwenzake akamwambia, mzee, tukwangue kwanza, kuna kidole hapa, kaka akacheka mpaka akakohoa, akasema, wewe umeona wapi bodi tupu gereji isiyo na kidole cha mtu, mwaka mzima natafuta kilichopungua, mke wangu kakiweka kwa kufuta vumbi, piga vanishi juu yake. Kigari hicho hapo kwenye jeneza, kiguse, hakifutiki tena.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani mliokesha nasi, na gereji nzima iliyofunga milango leo.

Kaka, weka msasa chini, upumzike kwa amani.

Aliyeniambia ni huyo mpaka rangi, yule anayejificha nyuma ya mwavuli, naye aliniapisha nisimwambie mtu.