Ukipotea, Unaendaka Wapi? Maneno ya Mkalimani Siku ya Kuhitimu

Mheshimiwa mgeni rasmi, uliyetoka Dowa asubuhi hii kuja kukaa nasi. Waganga na wauguzi mliotupokea katika vyumba vyenu vya kazi. Shehe wetu na Mchungaji wetu, ambao leo mmekalia benchi moja. Mwalimu Marie-Goretti, uliyetufundisha. Wahitimu wenzangu kumi na watatu. Wazazi, majirani, na ninyi mnaosikilizia dirishani kwa sababu viti vimeisha: ninawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake.

Jina langu ni Maimouna Idrissa. Nilizaliwa Kindu, Kongo, nina miaka thelathini na sita, na hapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nimeishi miaka kumi na mmoja. Wenzangu wamenichagua niseme kwa niaba yao. Nilipowauliza kwa nini mimi, mmoja wao alinijibu kwamba kati yetu wote mimi ndiye ninayejua zaidi kupotea. Walicheka, nami nikacheka, lakini alisema kweli. Nitajaribu kusema Kiswahili cha sherehe. Ila watu nitakaowataja nitawaacha waseme kama walivyosema.

Kazi tuliyosomea kwa miezi tisa ni ukalimani wa hospitali. Muuguzi anasema Kichewa, mgonjwa anajua Kiswahili, na katikati anakaa mmoja wetu. Kwa mbali ni kazi nyepesi, kwani nani hapa kambini hajawahi kumtafsiria jirani yake? Lakini jiulizeni, ndugu zangu: huyu wa katikati akikosa neno moja, nani atajua? Muuguzi hatajua. Mgonjwa hatajua. Na mara nyingine hata yeye mwenyewe hajui.

Katika mwezi wetu wa tatu nilipelekwa mazoezini katika zahanati moja. Akaja mama mmoja Mrundi, tunamwita Mama Kirezi, amebeba binti yake wa miaka miwili mwenye kikohozi. Muuguzi aliandika, akasita, akaandika tena. Mimi nikasubiri. Nje, wanawake wawili walikuwa wakibishana kuhusu ndoo ya maji. Muuguzi alipoinua kichwa na kusema, nilisikia mwanzo wa maneno yake: kijiko kimoja, asubuhi, mchana na jioni. Kisha nikaona midomo yake ikiendelea kwenda, na mimi sikuwepo. Niliporudi alikuwa amemaliza, ananitazama, anangoja nitafsiri.

Ningeweza kumwomba arudie. Lilikuwa neno moja tu. Lakini tangu utoto nimeambiwa sina masikio, na siku ile nilivaa shati jeupe la mafunzo, na niliona aibu. Nikamtafsiria mama kile nilichokuwa nacho. Akashukuru, akaondoka.

Saa nzima ilipita. Nilikuwa nyumbani nakoroga nsima, ugali wa hapa, na ghafla sentensi ile ya pili ikaja kichwani mwangu yote, kwa sauti ya muuguzi mwenyewe: aache chupa ya zamani, ndani yake mna dawa hiyo hiyo, asimpe zote mbili. Bado sijaelewa jambo hilo. Sikio lilisikia, likaweka, likaniletea baadaye kama barua iliyochelewa. Lilikuwa limeiweka wapi?

Nilikimbia mpaka nyumba ya Mama Kirezi. Jirani yake akaniambia amekwenda Lilongwe, kwa dada yake mshonaji, Area 36. Simu hana. Nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, nikapata gari, na katika Area 36 nikatembea duka kwa duka nikiuliza, je, mnamjua mwanamke Mrundi anayeshona karibu na soko? Watu wa pale walinisaidia, Mungu awalipe. Nilimkuta Mama Kirezi ameketi mlangoni kwa dada yake, mtoto amelala mapajani.

Nikamuuliza, "Mama Kirezi, umemupa dawa?"

"Nimemupa. Zote mbili, ile mupya na ile ya zamani. Tangu hapo analala tu. Ninamuita, hafungui macho muzuri."

Tulimbeba mtoto mpaka zahanati ya karibu. Walimchunguza, wakamweka chini ya macho yao mpaka jioni, na alipoamka akaomba maji. Alipona kabisa. Lakini kabla hajaamka nilikuwa nimemwambia mama yake ukweli wote, kwamba sikusikia na sikuuliza. Hakunipigia kelele. Alisema:

"Ulisikia haya kumuambia arudilie. Haya yako njo ilitaka kuniulia mutoto."

Mabibi na mabwana, nimeambiwa maneno mengi maishani mwangu. Nimeitwa mvivu, nimeitwa mzembe, nimeitwa kichwa cha maji. Hakuna lililoingia kama hilo.

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu Marie-Goretti barua ya kuacha mafunzo. Wengi hapa mnamjua. Huko kwao Rwanda alifundisha wauguzi, na hana mchezo. Aliisoma barua, akaikunja. Nilikuwa tayari kwa swali ambalo kila mwalimu ameniuliza, kwa nini husikilizi? Yeye aliniuliza jingine.

"Maimouna, wakati unapotea, unaendaka wapi?"

Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

"Mbele ya kupotea, kunakuwa nini?"

"Hiyo pia sijui."

"Basi barua yako nitaibeba mi kwanza. Mutu hawezi kuacha kitu hajakijua. Enda tutafute."

Na tukatafuta. Alinipa karatasi ngumu ya kuweka mfukoni. Kila nikigundua nimepotea, nipige mstari, na pembeni niandike neno moja la kilichotangulia. Si kujilaumu, ni kuhesabu tu, kama mtu anayehesabu ndege. Siku ya kwanza nilipiga mistari arobaini na mmoja. Nilitaka kulia. Mwalimu aliichukua karatasi kwa furaha kabisa, akavaa miwani, akasema, "Arobaini na moja. Hii ni mali mingi ya kusoma."

Nilikuwa na hakika kwamba adui yangu ni kelele. Karatasi ilikataa. Zamani niliuza vitenge Old Town, kule Lilongwe, kati ya maduka ya jumla na wapakiaji wanaopiga mayowe, na pale sikukosa neno la mteja hata mmoja. Neno lililojirudia kwenye karatasi yangu lilikuwa jingine: kungoja. Nilipotea muuguzi alipokuwa akiandika, mgonjwa alipokuwa akitafuta kadi yake, mwalimu alipokuwa akifuta ubao. Nilipotea mahali pasipo na kitu. Wakati maneno yalipoanza tena, mimi nilikuwa nimeshaondoka. Ubishi wa ndoo haukunivuta kutoka kazini, ulinikuta njiani.

Mwalimu alinipeleka Lilongwe kuonana na daktari wa mambo ya akili, na dada yangu Furaha akaja kueleza utoto wangu. Daktari alimuuliza nilikuwaje nilipokuwa mdogo. Dada akajibu, "Docteur, huyu tulikuwa tunamutuma chumvi. Anarudi na habari yote ya mwenye kuuza chumvi: batoto bake, bugonjwa bwake, safari yake. Chumvi yenyewe, hapana." Daktari alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Kisha aliuliza mengi zaidi, siku mbili tofauti, na mwisho akanipa jina la hali yangu: ADHD. Alinieleza kwamba ni namna ubongo ulivyoumbika tangu mwanzo. Umakini upo, lakini mtu hauongozi kama wengine wanavyouongoza wao. Mara unatoroka, mara unang'ang'ania jambo moja mpaka unasahau kula. Kuhusu dawa sitasema, hayo ni ya mtu na daktari wake. Lakini aliniambia pia kwamba jina peke yake halitatafsiri kwa niaba yangu. Mazoea ni lazima niyajenge mwenyewe.

Je, nilijenga vipi? Kwa kukosea, hasa. Shemeji yangu Chabani, mtu wa utaratibu, alinichorea ratiba kubwa ya siku, akaibandika ukutani. Ilidumu siku nne. Siku ya tano nilitumia asubuhi nzima kuipamba kwa rangi, nikachelewa darasani. Nikajaribu kukaa kimya kama jiwe wakati wa kungoja, jiwe likalala. Nikajaribu kusimama, na hapo mistari ikapungua. Nikajaribu kuupa mkono kazi: muuguzi anapoandika, nami ninaandika, ninachora chupa, kijiko, jua la asubuhi, jua la jioni. Kwa sababu mkono umebaki chumbani, kichwa nacho hakiendi mbali. Mazoea hayo niliyarudia kila siku, hata siku nilizoyachukia, na wiki ya sita karatasi ilikuwa na mistari tisa. Wiki ya saba ilipanda tena mpaka ishirini, sijui kwa nini. Mwalimu naye hajui. Aliandika alama ya kuuliza, tukaendelea.

Lakini kuna zoezi moja ambalo lilinishinda kuliko yote, na halihusu kichwa. Ni kusema mbele ya watu, "Samahani, sikushika, naomba urudie." Nililifanyia mazoezi nyumbani. Nilimwambia dada, nilimwambia shemeji, nilimwambia muuza mandasi aliyenishangaa kwa sababu alikuwa amesema tu habari za asubuhi. Zamani nilidhani nidhamu ni kujikaza usianguke. Kwangu imekuwa kumeza aibu mara kumi kwa siku, kabla haijafika kwa mtoto wa mtu.

Siku ya mtihani wa mwisho nilipewa mgonjwa mzee na muuguzi anayesema upesi. Nilipotea mara mbili. Mara mbili nikainua mkono nikasema maneno yangu. Nilitoka nikijua nimeanguka, nikakaa nje sitazami mtu. Mtahini aliponiita alikuwa na karatasi za watu wote kumi na wanne. Wenzangu mnisamehe, aliniruhusu nilitaje hili: alisema karibu kila mtu alikosa neno mahali fulani, kwa sababu muuguzi yule alisema upesi makusudi. Waliouliza walikuwa wawili. Wengine waliziba pengo kwa maneno yao, nao kwa sababu hiyo wakarudishwa wiki tatu zaidi, ndiyo maana sherehe hii imechelewa. Mliobaki mlijifunza kuuliza, nami najivunia kusimama nanyi.

Mama Kirezi nilimwalika leo. Hakuja, na sikumlaumu. Alinitumia salamu kwamba Jumatatu, nitakapoanza kazi, ataniletea mtoto apimwe uzito, na kwamba atanisikiliza vizuri sana. Hiyo ni haki yake.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu ni moja. Mkalimani akikuomba urudie, usimhesabie kuwa hajui kazi. Na ninyi wazazi, mtoto wako akipotea katikati ya maneno yako, hebu siku moja, kabla ya fimbo, muulize alikuwa wapi. Msikilize kama mtu anayetaka kujua kweli.

Maana tuko wengi kuliko nilivyofikiri. Wiki mbili zilizopita alikuja kwangu mzee Bukeyeneza, fundi baiskeli wa kule karibu na soko, ambaye mnamlalamikia kwamba hufungua baiskeli tano kwa pamoja na hamalizi hata moja. Alikuwa amesikia habari zangu. Alikaa, akazungusha kofia yake mikononi, akasema, "Mi niko na miaka makumi tano na mbili. Miaka yote hiyo nilijua mi ni muntu mubaya."

Nikamuuliza, "Na sasa, mzee?"

Akaiweka kofia magotini.

"Sasa nataka kujua."

Mwalimu Marie-Goretti, tunakushukuru. Waganga na wauguzi, tunawashukuru kwa subira. Wenyeji wetu wa Malawi, zikomo kwambiri. Nanyi nyote mliokaa na mliosimama, asanteni kwa masikio mliyoniazima asubuhi hii, na Mungu awarudishe salama majumbani mwenu.