Mama Swichibodi na Nafasi ya Mbele

Jerusha Gisiri anastaafu Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka ishirini na saba kwenye swichibodi ya hospitali yetu hapa Homa Bay. Kama umewahi kupiga simu hospitali hii ukasikia sauti ya mama ikisema, "Hospitali, habari yako, subiri kidogo," basi umezungumza naye. Inawezekana kabisa kwamba hujawahi kumwona. Chumba cha simu kiko mwisho wa ukumbi, kati ya stoo yangu na choo cha wafanyakazi, na wengi wanaopita pale huwa na haraka yao.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu Jerusha na mimi tumetenganishwa na ukuta wa mbao tangu niajiriwe. Walitaka ukurasa mmoja, wenye furaha. Kuhusu furaha nitajitahidi. Kuhusu ukurasa mmoja, wanisamehe.

Jerusha alizaliwa upande wa Isebania, mpakani na Tanzania, na akaja Homa Bay mwaka 1972 pamoja na mumewe, marehemu Gisiri, aliyekuwa dereva wa ambulensi yetu. Hospitali ilimwajiri kwa sababu ya lugha. Alikuwa na Kikuria cha nyumbani, Dholuo aliyoiokota sokoni kwa muda mfupi wa kushangaza, Kiswahili cha wote, na Kiingereza cha kutosha kuwatuliza madaktari. Shimo la dhahabu lilipoporomoka kule Osiri na mtu akapiga simu akipayuka Kikuria, ni Jerusha aliyejua kwamba wachimbaji wako hai na wanahitaji machela. Mama mmoja aliposhikwa na uchungu kisiwani Mfangano na boti ikakawia, Jerusha alimshikilia mume wa mama huyo kwenye simu, akimpa maneno ya mkunga moja moja, mpaka mtoto akalia. Mtoto huyo aliitwa Jerusha. Mwenzetu hakumwona hata siku moja, lakini alimtajia kila aliyekuja kuazima kalamu.

Sifa za kazi ndizo hizo, na ni za kweli. Sasa niseme jambo ambalo waandishi wa wasifu hupenda kuliruka. Jerusha alikuwa mpweke.

Gisiri alifariki mwaka 1987, akazikwa kwao Isebania. Mwana wao mmoja, Byron, alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata melini, na meli ikamchukua. Mama akabaki na chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, pamoja na simu. Kutwa nzima aliwaunganisha watu na watu wao. Alisikia mabinti wakiwasalimu mama zao wodini, waume wakiuliza amejifungua nini, ndugu wakigombana nani atalipa gari. Lakini opereta hapigiwi simu na mtu, yeye ni mlango wa kupitia tu. Jioni alivua hedifoni, akafunga chumba, akaenda nyumbani, na huko hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba shingo inamuuma.

Na shingo ilimuuma sana. Kukaa kwenye kiti kile miaka yote huku umeinamia matundu na nyaya si mchezo. Kufikia mwaka 1991 alikuwa akigeuka mwili mzima kama kabati.

Ndipo akaja Mama Shen. Wakubwa kazini watakumbuka fundi wa Kichina aliyetufungia mashine ya eksirei. Huyo alikuwa mkewe, mama mfupi mwenye viatu vya kitambaa, asiyejua neno la lugha yoyote ya hapa. Kila wiki alikuja kwa Jerusha kupiga simu kwao. Wakati ule simu ya China iliombwa kupitia Nairobi, kisha mkakaa mkingoja Nairobi ipige. Wakati mwingine alasiri yote iliisha na simu haijaja. Mama Shen hakuweza kungoja akiwa amekaa. Alisimama ukumbini akaanza kuzungusha mikono taratibu, akihamisha uzito mguu huu hadi huu, mithili ya mtu anayeosha ukuta usioonekana. Mchezo huo unaitwa taichi. Sisi tuliochungulia tulicheka hadi tukashika mbavu.

Jerusha hakucheka muda mrefu. Siku moja alitoka kwenye kiti, akasimama hatua moja nyuma ya yule mama, akaanza kumwiga. Nilikuwa mlangoni pa stoo, na sikuamini macho yangu, kwa maana wote wawili hawakuwa na lugha hata ya kuombana maji. Neno lao lilikuwa moja. Jerusha alikuwa amezoea kumwambia "polepole" simu ilipokawia, na Mama Shen akalishika akidhani ni jina la ule mchezo. Akawa anakuja akisimama mlangoni na kusema, "Polepole?" Jerusha naye anasukuma kiti nyuma. Miezi michache baadaye shingo iligeuka. Nilimwona akitazama nyuma bila kugeuza mabega, akatabasamu peke yake.

Mwaka 1993 fundi yule akaondoka, na Mama Shen akaondoka naye. Jerusha akaendelea. Aliamka alfajiri kabla ya zamu, akatoka uani kwenye nyumba za wafanyakazi, akasimama pale pale alipozoea, hatua moja nyuma ya mtu ambaye hayupo. Mbele yake aliacha nafasi. Mtu mwingine angeona ni mama anafanya mazoezi tu. Lakini hii ni Homa Bay, na mtu anayetoka nje kiza hakijaisha, peke yake, akipunga mikono mlangoni pa majirani, sote tunajua anaitwa nani. Anaitwa jajuok, mkimbiaji wa usiku, yule anayesemekana hutupa mawe kwenye mabati ya watu na kucheza uani wakiwa wamelala.

Jirani yake, Mama Trizah wa jikoni, ndiye aliyemwona kwanza kupitia dirishani. Kufikia chai ya saa nne habari ilikuwa imefika hadi mochari. Hakuna aliyefikiri kwamba jajuok hukimbia, na huyu mama hata kutembea alitembea kama anayebeba mayai. Watoto waliacha kutumwa kwake kuazima chumvi. Waliokuwa wakimsalimu getini wakaanza kutafuta kitu mfukoni wakimkaribia. Nilipomwuliza kama amesikia yanayosemwa, alijibu, "Eti nakimbia. Nikimbie wapi na haya magoti, Oliver?" Alicheka, kisha akavaa hedifoni.

Alichofanya baada ya hapo ni cha akili. Aliacha alfajiri. Akahamia saa sita mchana, kwenye nyasi nyuma ya wodi ya wazazi, jua likiwaka utosini, mahali ambapo hospitali nzima inamwona. Jajuok gani anatoka mchana? Maneno yalipungua, lakini hayakuisha. Watu wakikuogopa mara moja, hata wakisahau sababu, miguu yao inaendelea kukukwepa.

Mwaka uliofuata simu iliita mchana mmoja, na ile ilikuwa yake. Kupitia mbao nilimsikia akisema "hospitali, habari yako," halafu kiti kikasukumwa nyuma. Ilikuwa China, alinisimulia baadaye. Sauti ilikuwa inarudi rudi kama mtu aliye kisimani. Wawili hao hawakuwa na la kuambiana, na gharama inasonga. "Polepole," ikasema sauti upande wa pili. "Polepole, Mama Shen," akajibu Jerusha. Walirudia hivyo kidogo, kisha laini ikakatika. Siku hiyo alichelewa kuunganisha simu za watu, na ni mara ya pekee ninayoijua.

Mimi napokea mizigo ya dawa, na chupa huja zimezungushiwa magazeti makuukuu. Katika gazeti moja niliona tangazo: mwalimu mmoja wa Nairobi, Mellen Kemuma, aliyesomea taichi ng'ambo, anafundisha watu wawe walimu, umri wowote. Nikalikata nimpelekee Jerusha. Jerusha alikuwa amepita miaka hamsini. Alilisoma tangazo, akalikunja, akaniambia niache utani. Mwezi uliofuata akaomba likizo.

Tangu hapo likizo zake zote zilikwenda Nairobi, kwenye ukumbi wa kanisa, pamoja na vijana walionuna, wenye suruali za michezo. Alirudi akiwa amechoka na mwenye maneno mengi, jambo geni kwake. Mwisho wa mwaka 1996 akafanya mtihani, akaanguka. Sijui kama kuna mwingine aliyewahi kuanguka kwa namna ile. Kila mtahiniwa alitakiwa kuongoza kundi. Jerusha alifanya kila kitu sawasawa, ila aliingia katikati ya wanafunzi, hatua moja nyuma, akaacha nafasi mbele. Kundi likakosa wa kumfuata. Mwalimu Kemuma akamwuliza, "Mama, mbele kuna nani?" Jerusha alinieleza hayo aliporudi. Alijua kuna nani. Asingeweza kukanyaga pale.

Ilimchukua mwaka na zaidi kujizoeza kupiga hatua moja. Nilimwona mchana akisimama mahali pake, akitazama nyasi zilizo mbele, akirudi kazini bila kufanya lolote. Siku moja akaikanyaga ile nafasi. Nilijua kwa sababu alikuwa amekaribia ukuta wa wodi kuliko kawaida. Mwaka 1998, akiwa na miaka hamsini na nne, alirudi Nairobi, akasimama mbele, akapita. Cheti chake kiko ukutani chumba cha simu, juu ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Kiangalieni mkipita, mnapita kila siku.

Kisha akatangaza darasa, Jumamosi saa nne, nyuma ya wodi ya wazazi, bila malipo. Hakuja mtu. Jumamosi iliyofuata pia. Mimi nilijitolea, akanikatalia. "Wewe utakuja kwa huruma," alisema. "Mwanafunzi wa huruma mimi sitaki. Nataka mtu anaumwa, ama anataka tu." Basi akafundisha nyasi. Amefundisha nyasi mwaka mzima, akiwa amesimama mbele kama mwalimu, na vazi lake safi.

Katika mazoezi yale kuna mahali pa kugeuka. Unakwenda ukitazama mbele, halafu unageuka nyuma taratibu, na hapo ndipo mwalimu anawaona wanafunzi wake. Dirisha la stoo linatazama pale. Kila Jumamosi Jerusha akifika kwenye kugeuka, hufumba macho. Hufumba hadi ageuke tena mbele. Nimeliona hilo mara nyingi na sijawahi kulizoea.

Kamati ilipomwuliza angependa zawadi gani, alisema angependa kufundisha mara moja kabla ya kuondoka. Kamati ikacheka, ikadhani ni mzaha wa mama mzima, na ikanunua blanketi na saa ya ukutani. Ni vitu vizuri. Isebania kuna baridi asubuhi, na malori ya mpakani yatamwamsha mapema kuliko saa yoyote. Lakini hakuwa anatania.

Sasa nina habari ambayo yeye mwenyewe anaisoma hapa kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita Mama Trizah alikuja stoo kuchukua sabuni. Alizunguka zunguka, akashika bega lake la kulia, lile ambalo haliinui sufuria tena. Akaniuliza, "Ile kitu Jerusha hufanya, inaweza saidia bega? Lakini usimwambie nimeuliza. Nitaanzaje kumwambia?" Nilimwambia nitamwanzia mimi. Ndiyo haya, Mama Trizah, nimeanza. Baada yake nikamsikia Nashon wa getini akilalamikia kiuno, na dada wa maabara akisema halali usiku. Wote nimewaelekeza kwenye nyasi. Hakuna hata mmoja anayekuja kwa huruma. Wanakuja kwa sababu wanaumwa, na wamechoka kuumwa peke yao.

Kwa hiyo, ndugu mnaoshika karatasi hii ya ratiba, baada ya sala na kabla ya chakula, msikimbilie hemani. Pilau haitahama. Nendeni nyuma ya wodi ya wazazi, mvue viatu vya sherehe, msimame nyuma ya Mwalimu Jerusha. Mguu wangu ni mbovu lakini nitakuwa mstari wa mwisho, na safari hii hana ruhusa ya kunikatalia.

Jerusha, hospitali inakushukuru kwa kila mtu uliyemfikishia sauti ya mtu wake. Nenda salama kwenye boma la Gisiri, upate usingizi, Byron ashuke pwani mapema na aijue njia ya kwenu. Maisha yako ya mbele yawe mema na yawe na watu ndani yake. Jambo moja tu nakuomba kwa niaba ya wote. Jumatano, ukifika pale pa kugeuka, usifumbe macho.

Oliver Nyagaya, Stoo