Mwalimu Kiganja na Siku Kumi na Nne za Chumba cha Uani

Ijumaa hii, saa sita mchana, mwalimu wa darasa la kwanza atafunga kabati lake kwa mara ya mwisho. Ametumikia miaka thelathini na sita, yote katika shule hii moja, na karibu yote katika chumba kimoja, kile kinachopakana na choo cha wavulana. Hajawahi kuomba kuhamishwa. Anasema pua yake ilishastaafu zamani.

Wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Kiganja. Njia yake ya kufundisha kuandika ilikuwa moja tu: anainama nyuma ya mtoto, anaufunika mkono wenye penseli kwa kiganja chake, na wanaandika pamoja mpaka ule mkono mdogo uanze kwenda wenyewe. Mwalimu wetu wa hesabu alifundishwa hivyo. Dereva wa basi la shule pia, ingawa ukiuona mwandiko wake utabisha.

Mimi ni mjukuu wake, na niko kwenye kamati ya jarida, ndiyo maana nikapewa kazi hii. Wanaonijua wanajua pia kwamba sitausoma wasifu huu ukumbini. Nimesomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili hunikaukia mdomoni watu wakizidi watatu. Bibi aliniambia, "Andika ya kazi, mke mwenzangu. Ya nyumbani yaache nyumbani." Nimejaribu, nimeshindwa. Wapo walimu kati yenu ambao mpaka leo wanaamini kwamba mwaka ule wa korona aliingia darasani akikohoa, akanyamaza. Hawezi kuondoka na doa hilo, kwa sababu si lake.

Shule zilifungwa miezi saba. Nikiri jambo la kwanza: kwangu ilikuwa miezi mizuri kuliko yote. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Bibi, ambaye siku zote alitoka nyumbani kabla sijaamka, sasa alikuwa jikoni akigombana na sufuria. Babu, fundi saa mwenye pumu, alifungua meza yake sebuleni na kutukataza kupiga chafya karibu na skrubu zake. Mchana tulicheza karata, na Bibi aliiba waziwazi.

Lakini kichwa chake kilikuwa darasani. Alijua kwamba shule zikifunguliwa hataruhusiwa kumgusa mtoto hata mmoja. Basi akaanza kuchora herufi kwa chaki kwenye sakafu ya ua, kubwa kama kitanda, akatuamuru tuzitembee kwa miguu kuanzia pale kalamu inapoanzia. Babu alitembea herufi ya k na fimbo yake, akapotea katikati. "Fundi mzima, umekwama kwenye k!" Bibi akamcheka mpaka akakaa chini.

Barua ya kurudi kazini ilipofika, kicheko kikaisha. Daktari wa zahanati alikuwa ameshasema waziwazi kwamba kifua cha Babu hakitastahimili ugonjwa ule. Mama alimsihi Bibi aombe ruhusa abaki nyumbani. "Mama, kuna walimu vijana."

"Watoto wangu arobaini na mmoja hawajawahi kushika penseli," Bibi akajibu. "Nikawafundishe kwa simu, simu yenyewe wanayo?"

Babu hakuinua macho kutoka kwenye saa yake. "Mwacheni aende. Akibaki hapa ataendelea kunitembeza herufi mpaka nife."

Hakuna aliyecheka.

Akaenda. Aligawanya uwanja kwa chaki, kila mtoto na herufi yake, hatua mbili kutoka kwa mwenzake, na mnakumbuka jinsi madarasa ya juu yalivyojazana madirishani kutazama. Jioni alioga kwenye bafu la uani kabla ya kuingia ndani, akabadili nguo, akala peke yake kwenye kiti cha mlangoni. Wiki ya pili Babu akaanza kukohoa. Ilikuwa vumbi tu la saa ya ukutani aliyoifumua, lakini hilo tulilijua baadaye. Mimi nilisikia kikohozi, nikamtazama Bibi pale mlangoni na sahani yake, nikaamini kwamba mmoja wao atakufa.

Kwenye geti la shule palikuwa na sanduku la taarifa za afya, na taarifa haikuhitaji jina. Niliandika karatasi: mwalimu wa darasa la kwanza anakohoa na anaficha. Niliandika kwa ile lugha yetu nyingine, ya ofisini, ili ionekane imetoka kwa mtu mzima. Na nikiri jambo la pili: kwa lugha ile uongo haukunikwama. Nilidhani watamrudisha nyumbani, basi, tuendelee na karata zetu.

Walimtoa darasani saa nne, chaki ikiwa mkononi, watoto wakitazama. Kipimajoto kilionyesha hana homa. Haikusaidia, utaratibu ulikuwa utaratibu. Watoto wote arobaini na mmoja walirudishwa makwao, na Bibi akajifungia chumba cha uani siku kumi na nne.

Kilichoniumiza ni kwamba naye aliiamini ile karatasi. Alidhani kweli alikohoa bila kujijua, mtu akamsikia, na kwamba ndiye aliyempelekea Babu kile kikohozi. Kila nilipomwekea chakula dirishani aliuliza jambo moja tu: "Amelala vipi?" Sahani zilirudi zimejaa. Babu naye aligoma kula, akahamishia kiti chake uani, wakawa wanatazamana kupitia nondo za dirisha, yeye na dawa yake ya kuvuta, Bibi na kipimajoto.

Siku ya tano nilisimama chini ya dirisha lile nikasema. Sikumbuki maneno. Nakumbuka alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Kumbe simuui mume wangu."

Nikamwambia nitakwenda kwa mwalimu mkuu. Akakataa. "Watakuita muongo mpaka umalize shule. Wewe bado una miaka saba humo. Mimi nimebakiza minne. Nitaibeba."

Akaibeba. Vipimo vilionyesha hana ugonjwa, lakini aliporudi, viti vya chumba cha walimu vilisogezwa mbali naye. Mzazi mmoja alimhamisha mwanawe. Uongozi wa madarasa ya chini, aliokuwa amepangiwa, ukapewa mwingine. Nilikuwa nikipita pale kwenda maktaba, nikimwona anakunywa chai dirishani peke yake, nami sikufungua mdomo. Mwaka ule watoto wake arobaini waliobaki wote waliingia darasa la pili wakiandika majina yao.

Basi wasomaji wa jarida hili wajue: Mwalimu Kiganja hakukohoa. Karatasi niliiandika mimi. Nawaomba radhi wazazi ambao watoto wao walikosa masomo, nawaomba radhi walimu, na kesho saa mbili nitakuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, hata kama sauti itachelewa kutoka. Bibi atanikasirikia kwa kuandika haya. Nimekubali.

Siku ya sherehe atakaa mstari wa mbele na Babu, ambaye kifua chake bado kinamsumbua na bado kinapumua. Mtakaopenda, sogezeni viti vyenu karibu naye.

Bibi, mwalimu wetu, ahsante kwa mikono yote uliyoiongoza. Pumzika ukiwa na afya, na nyumba yako isikose kelele za watu unaowapenda.