Vyumba vya Nyuma Visiuzwe

Sikilizeni wanangu, na msinikatize, pumzi yenyewe imebaki ya kuazima. Nisogezeeni mto. Hapana, uacheni. Fungueni mlango ili vijana wa vyumba vya nyuma nao wasikie, maana wamejibanza koridoni kama wageni, na mimi ninayeondoka ni mama yao pia.

Mwanangu mkubwa, ulipokuja na yule dalali mkawa mnapima uwanja kwa hatua, ulidhani nimelala. Nilikuona. Tangu siku hiyo vijana wamefunga mabegi, wote, hata fundi cherehani wangu aliyekwishapata wateja wake. Hakuna aliyewafukuza. Ndivyo walivyokua, kwenye nyumba za watu na makao ya watoto: mtu mzima akiugua, au akinong'ona na mgeni, wao huhamishwa, basi hufunga mizigo mapema wasije wakaaibika. Hilo linaniuma kuliko hili tumbo.

Nyinyi mlipotimiza miaka kumi na minane mlikatiwa keki, mkarudi kulala vitandani mwenu. Wao walionyeshwa geti la makao, wakajitegemee. Wa kwanza kufika hapa, huyu ambaye sasa ni dereva wa gari la maji, nilimwambia apike, akatuivishia wali wa kulisha bweni zima, kwa kuwa hakuwahi kuona mtu akipika kwa sufuria ndogo. Tulicheka mpaka machozi, yeye amesimama anangoja kupigwa. Hapo nikajua chumba peke yake hakitoshi. Wanataka mahali pa kukosea na bado walale hapohapo.

Basi nyumba ya mbele ni yenu, gawaneni, nuneni mkitaka, ila msitoane macho. Vyumba vya nyuma visiuzwe. Anayeanza kazi akae mpaka ajiweze, na akiondoka akakwama huko, arudi bila kuhojiwa. Binti yangu, funguo shika wewe. Mdomo wako mkali lakini roho yako safi.

Siku ya kunizika vijana hawa wasitumwe kubeba viti. Wakae nanyi, penye wafiwa. Mungu awatunze nyote, awape riziki na... maji, nipeni maji. Basi, yatosha.

Mkubwa, uko wapi? Nipe mkono. Watu watauliza hawa ni nani, na mimi sitakuwepo. Jibu sasa, wakiwa wanakusikia. Hawa ni nani wako? Sema, baba... kwa sauti.