Gatwiri, Usiache Mtihani kwa Ajili Yangu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mama Gatwiri, niinulie mto.

Mugendi, hili shamba la kahawa mtagawana nusu kwa nusu na dada yako, na asije mtu hapa Runyenjes kuwaambia eti msichana hagawiwi. Hilo limeisha.

Sasa wewe, Gatwiri. Nimekusikia jikoni ukimwambia mama yako kesho huendi Nairobi kwa mtihani wa urubani, eti mtoto asiyekuwepo baba akikata roho hukosa baraka. Ndivyo tulivyolelewa, sibishi. Lakini mtihani huo ulishaanguka mara moja, na ukiukosa huu hawatakupa nafasi nyingine. Nitakufa na hasira, Gatwiri mama, nakwambia ukweli.

Sikiliza. Nimerusha ndege za miraa miaka mingi, najua ulipokosea. Wakikuambia uzunguke mawinguni ukingoja zamu ya kutua, ukija kuelekea mnara wa redio unaelekeza pua ya ndege kidogo upepo unakotoka, mpaka sindano inayoonyesha mnara itulie. Hapo huwa uko sawa. Shida ni ukigeuka kwenda upande wa pili, kuuacha mnara: wewe ulirekebisha kiasi kile kile tu, ndiyo maana ukapotea njia. Zidisha mara tatu! Kwenye zile kona mbili ndege inageuka tu, huwezi kurekebisha chochote, na upepo hauachi kusukuma. Kwa hivyo ule mstari mmoja wa kuuacha mnara ufanye kazi yake na ya kona zote mbili. Usiogope ukiona pua imeangalia kando sana. Mimi pia niliogopa, nikazoea.

Na baraka nakupa hivyo hivyo, leo, pamoja na za siku ambazo sitakuwepo. Njoo. Fungua kola nikutemee mate kifuani kama wazee wetu walivyofanya. Thu! Mate ni machache, mdomo umekauka... lakini baraka ni nzima. Mungu akushike huko juu. Mugendi, na wewe njoo... thu! Uwe na amani na dada yako.

Haya, washa pikipiki umpeleke stendi. Mama Gatwiri, usilie, mwachilie mkono.

Gatwiri... ukitua, piga simu. Kama bado nipo, nitasikia. Kama sipo... waambie watu waliokuja kulia kwamba umepita mtihani. Wapige makofi kwanza.

Nenda, mama. Mbona bado umekaa?