Bwana Tanbihi na Mfalme wa Hatua ya Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa historia wa chuo kikuu, marehemu Bwana Tanbihi. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na mamaye.

Bwana Tanbihi alikuwa na sharti moja. Hasaini tasnifu mpaka akione kwa macho yake kila chanzo kilichotajwa. Narudia: kila chanzo. Wanafunzi walikoma.

Basi binti mmoja akaandika tasnifu kuhusu namna michezo ya video inavyosimulia vita vya kale. Walimu wengine wakacheka, "Gemu nayo ni chanzo?" Bwana Tanbihi akawajibu, "Chanzo ni chanzo. Kazi yetu ni kukikagua." Maneno hayo yalimtokea puani. Binti alikuwa amenukuu hatua ya mwisho ya mchezo, pale mfalme anapoukimbia mji wake. Na kufika huko, wapendwa, ni mpaka ucheze.

Mzee akacheza. Akafa mtoni. Akafa langoni. Akafa hata kabla hajatoka uani kwake, kaangukiwa na ndoo. Huku mahafali yanakaribia, na bila saini yake binti hahitimu. Binti akaja mbio.

"Shikamoo mwalimu. Nikuchezee basi?"

"Marahaba, mwanangu. Mtihani ufanye wewe, na usahihishe wewe?"

Mkewe, mkunga mstaafu, alishindwa kuvumilia. Anasimulia: "Nikamwambia, mzee, lete hiyo rimoti. Nimezalisha watoto waliogoma kutoka, huyo mfalme atanishinda?"

Hakumshinda. Mama alicheza, mzee akakodoa macho pembeni, kalamu mkononi. Sharti lilisema kuona, halikusema kushinda. Wakaufikia mji. Wakamkuta mfalme. Hakukimbia ng'o! Alikuwa ametulia kwenye kiti chake, akasalimu amri.

Kumbe binti mwenyewe hakuwahi kufika hatua ya mwisho. Alisimuliwa na rafiki yake.

"Nilijua nimekwisha," anasema binti huyo, ambaye leo ni mhadhiri. "Niliona aibu hata ya kumwangalia."

Mzee hakumfelisha. Alimkalisha sebuleni, ubavuni kwa mama, acheze mpaka amwone mfalme yeye mwenyewe. Binti akamwona, akaandika upya sura nzima huku kamasi zinamtoka. Saini aliipata asubuhi ya mahafali, joho tayari liko mwilini.

Bwana Tanbihi ametutoka wiki hii, usingizini. Mkewe bado anacheza. "Nikishinda nageuka nimwonyeshe," anasema. "Hayupo."

Pole sana, mama. Poleni watoto, na poleni nyote mliopita mikononi mwake. Mungu amlaze pema. Nawe msikilizaji, lile jambo ulilolisema jana kwa kuapa kabisa, uliliona mwenyewe?